Betri Ndani ya Sanduku la Luul

Abdighani wa Bulla Pesa ni mtu wa kufuli. Aliendesha lori kati ya Isiolo na Moyale kwa miaka thelathini na mbili, na anasema hakupoteza hata msumari mmoja, kwa sababu kila kitu chake kilikuwa kimefungwa. Alipostaafu alikuja na kufuli zake nyumbani. Sukari ina kufuli. Mfereji wa maji uani una kufuli. Rimoti ya televisheni inakaa ndani ya debe lenye kufuli, pamoja na medali ya babu yake aliyekuwa askari wa Mwingereza, ingawa televisheni yenyewe iliharibika mwaka juzi. Choo cha nje pia kina kufuli, na ukitaka kwenda ni lazima umwombe ufunguo, naye anakuuliza kama utakaa sana.

Funguo zote alizifunga kwa kamba ya kiatu akazivaa shingoni. Ulimsikia akija kabla hujamwona.

Stima ilipozidi kupotea mwaka jana, aliamua kununua betri. Ofisi moja mjini ilikuwa inahama na kuuza vyombo vyake, na yeye akarudi na betri ya zile zilizofungwa kabisa, zisizo na vifuniko vya kuongezea maji kama za lori. Uzito wake ulikuwa kama wa mbuzi mnene. Mimi huuza makaa, na siku hiyo nilikuwa nimemletea mke wake Luul gunia, basi nikasaidia kuibeba kutoka langoni.

"Hii ndiyo betri ya mtu mwenye akili," aliniambia. "Imefungwa huko kiwandani. Haimwagiki, haitoi hewa, haiombi maji. Ingekuwa binadamu ningemwoza binti yangu."

Ubavuni palikuwa na maandishi. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini yalikuwa mafupi: usichaji ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Kando yake palikuwa na picha ya moto uliopigwa mstari. Nikamwonyesha kwa kidole na kumsomea.

"Hiyo wameandikiwa Wazungu," akasema. "Wao hawana wezi."

Mimi huwa na neno moja tu kwa siku, na hilo nilikuwa nimeshalitumia.

Basi akatafuta mahali pa kuifungia. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuitosha: sanduku la bati la Luul, la kijani lenye maua, alilokuja nalo alipoolewa. Ndani yake mlikuwa na nguo moja tu ya maana, guntiino ya pamba nyekundu na manjano aliyoachiwa na marehemu mama yake. Nguo kama hiyo hujifunga mwanamke begani na kiunoni, na ile ilifumwa kwa mkono na mtu ambaye hayuko tena. Binti yao Barwaqo alikuwa ameposwa na Kanchoro, kijana wa Kiborana kutoka Kinna, na ilikuwa imekubaliwa tangu akiwa mdogo kwamba ataolewa akiwa ameivaa hiyo.

"Toa chuma chako kwa nguo ya mama yangu," Luul alimwambia.

"Nimeweka ubao katikati," Abdighani akajibu. "Betri huku, nguo kule. Hata hawatasalimiana."

Alitoboa tundu la waya kwenye bati, akaliziba kwa matambara ili panya wasiingie. Akaunganisha chaja yake ya zamani, ile ya betri kubwa za lori, inayonguruma kama mtu mwenye kikohozi na isiyojua kusimama hata betri ikishiba. Akafunga kufuli mbili. Kisha akatandika mkeka mdogo juu ya sanduku na kukaa.

Hapo ndipo alipopata furaha ambayo hakuitarajia. Sanduku lilikuwa na joto. Mgongo wa dereva wa lori ni mgongo mbovu, na joto lile liliingia kiunoni vizuri sana. Tangu siku hiyo alikaa juu ya betri asubuhi na alasiri, chaja ikinguruma, naye akisifu. Mtu akimwambia kwamba betri haifai kupata joto, na kwamba chumba chenye paa la bati hapa Isiolo ni joto tosha, alimjibu kwamba hata kuku hulalia mayai.

Mayai kweli yalikuja. Baada ya miezi kadhaa, chumba kilianza kunuka mayai yaliyooza. Abdighani alilaumu mtaro wa jirani. Akalaumu paka. Akalaumu samaki ambaye hakuna mtu aliyempika. Lile sanduku ambalo harufu ilizidi kila ukilisogelea hakulilaumu hata kidogo, kwa sababu betri yake ilikuwa imefungwa, na kilichofungwa hakinuki.

"Luul, choma uunsi," alisema. "Wageni watatuonaje."

Uunsi ni udi wetu wa hapa, unaokandwa kwa sukari na manukato, unaowekwa juu ya makaa mekundu ndani ya chetezo cha udongo. Kila nyumba yenye heshima huchoma. Luul alichoma mara moja kwa siku, kisha mara mbili, kisha mara nne, na chetezo kikaamriwa kikae hapo hapo ubavuni mwa sanduku ambapo harufu ilikuwa kali. Nilijua kwa makaa. Gunia lililomtosha mwezi likawa halimalizi siku kumi. Nilijua pia kwa nini, na nilijua picha ya moto uliopigwa mstari. Nilimwambia Luul siku moja langoni, huku nikitazama chini, kwamba makaa na sanduku lile vikae mbalimbali.

"Mwambie yeye," alisema. "Mimi nimemwambia mpaka nimekauka koo. Ananiuliza nilisomea betri wapi."

Sikumwambia. Niliuza makaa. Hilo silisahau.

Mwezi uliofuata wazee wa Kanchoro walikuja kupanga siku ya nikaha. Msemaji wao alikuwa ami yake, Kotile, mkulima wa vitunguu kutoka Rapsu. Kotile ana taa za sola na pampu shambani, na hana nyusi juu ya jicho la kushoto. Nilikuwa nimeitwa kusaidia kupanga viti, nikabaki karibu na mlango, mahali pangu pa kawaida.

Walisalimiana kwa salaam aleikum ndefu, wakaulizana habari za mvua, ngamia na barabara. Kotile alijibu yote huku pua yake ikigeuka polepole kuelekea kwenye sanduku, na juu ya sanduku alikuwa ameketi mwenyeji wake.

"Mzee, huu waya unaenda wapi?"

"Kwa betri."

"Na betri iko wapi?"

"Nimeikalia," Abdighani akasema kwa fahari.

"Inachaji?"

"Tangu Ramadhani."

Kotile akasimama. Wenzake wawili wakasimama pia, bila kujua sababu.

"Tutaongea nje," alisema.

Abdighani akabadilika rangi. "Mmekuja kutaka binti yangu, na nyumba yangu haiwatoshi?"

"Nyumba ni nzuri, mzee. Ndiyo maana nataka ibaki."

"Hii betri imefungwa."

"Hata yangu ilikuwa imefungwa." Kotile alijigusa juu ya jicho la kushoto. "Ina tundu dogo la kupumua. Ukiilisha stima kupita kiasi inatoa hewa ambayo huioni. Mahali pa wazi, hewa inaenda zake. Wewe umeiwekea bati na kufuli mbili. Mimi niliiwekea kabati, kisha nikawasha sigara."

"Wewe ni mtu wa vitunguu. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na mbili."

"Na lori lilikuwa linaweka betri wapi? Chini ya godoro?"

Mmoja wa wale wazee alikohoa ili asicheke. Abdighani akajikita zaidi juu ya sanduku. Mtu akitoka nje kabla ya chai, posa inakuwa imekwisha, na kila mtu chumbani alijua hivyo. Barwaqo alikuwa nyuma ya pazia na kikombe mkononi. Nilimsikia akikiweka chini.

Wakati huo huo Luul alitokea mlangoni na chetezo, makaa yakiwa mekundu, moshi wa uunsi ukimtangulia.

"Mama, simama hapo," Kotile akasema kwa sauti ya chini. "Usiingie na moto."

"Leta, Luul," Abdighani akasema. "Weka mahali pake."

Luul alisimama kwenye kizingiti. Alimtazama mume wake, kisha yule mgeni na uso wake ulionyolewa na betri. Kisha akanitazama mimi. Neno langu la siku lilikuwa bado lipo.

"Rudi," nikasema.

Alirudi. Tulimsikia akimwaga maji juu ya makaa uani. Akaingia mikono mitupu.

"Nizime nini?" alimuuliza Kotile.

"Ukutani kwanza. Zile koleo za kwenye betri usiziguse, zinatoa cheche."

Akazima ukutani, na mngurumo tuliouzoea miezi yote ile ukanyamaza. Akafungua madirisha yote mawili. Tulitoka nje, hata Abdighani, maana hakuna mtu anayependa kubaki peke yake na heshima yake ndani ya chumba kama kile. Chai ilinywewa uani mara mbili, ndipo Kotile akakubali sanduku lifunguliwe.

Tuliporudi ndani, Abdighani aliinama na funguo zake ili athibitishe kwamba tulikuwa waoga.

"Toa hizo shingoni," Kotile akasema. "Zikiangukia ncha mbili za betri utapika kidevu."

Hakutaka. Tulimngoja. Mwishowe alivua ile kamba ya kiatu, na Luul, aliyekuwa karibu, akaipokea. Akachagua funguo mbili, akafungua, akarudi nyuma na kujivika kamba.

Betri ilikuwa imevimba kama mbuzi aliyekula unga mbichi. Ubavu mmoja ulikuwa umepasuka na kulowa. Ule ubao wa katikati ulikuwa umegeuka mweusi. Barwaqo aliingiza mkono kuokoa guntiino, Kotile akamzuia na kumpa kijiti. Aliiinua kwa kijiti. Rangi zilikuwa nzuri bado, nyekundu na manjano, kisha nguo ikajikata yenyewe vipande vipande, kama mkate uliolowa chai. Kipande kimoja tu kilichokuwa pembeni kabisa, kama upana wa leso mbili za mkononi, kilitoka kizima.

Luul alikichukua kwa kijiti kile kile, akakiweka kando. Barwaqo ndiye aliyelia.

"Ni unyevu tu," Abdighani akasema, akaupapasa ule ubavu uliolowa ili atuonyeshe. Baada ya muda mfupi akaanza kukuna kiganja, kisha kupuliza.

"Maji," Kotile akasema. "Mengi, yanayotiririka. Na usijiguse macho."

Abdighani alikimbilia mfereji wake. Ulikuwa na kufuli. Akageuka, mkono hewani. Luul alizipitia funguo shingoni mwake moja baada ya nyingine, bila haraka sana, mpaka akaupata ule wa mfereji. Alimfungulia, na akamshikilia kiganja chini ya maji kwa robo saa nzima, akimkazia kila alipotaka kukitoa.

Alipoinama pale mferejini ndipo tulipoona jambo la mwisho. Asidi ilikuwa ikitoka kidogo kidogo pembeni mwa kifuniko, ikipenya mkeka, na kwa miezi mingi ilikuwa imekula kikoi chake hapo anapokalia. Kitambaa kiliachia chote kwa pamoja. Wazee wa Kinna waliinua nyuso wakatazama mawingu, ambayo hayakuwepo.

Kotile alinyunyiza magadi juu ya ule unyevu mpaka ukaacha kutoa povu. Aliibeba betri kwa beseni la plastiki, ikiwa wima, akasema ataipeleka kwa wanaonunua betri zilizokufa. Mtu asiivunje kutafuta madini ya risasi yaliyomo, alisema, wala asiitupe jalalani ambapo mbuzi wanalamba kila kitu. Kisha akavuta kiti uani.

"Sasa tupange nikaha," alisema. "Mama Barwaqo, kaa hapa. Tutaongea na wewe."

Posa haikuvunjika. Barwaqo aliolewa akiwa amevaa nguo ya kuazima, na hakuna aliyeuliza ya bibi yake iko wapi, kwa sababu Isiolo nzima ilikuwa inajua.

Kamba ya kiatu haikurudi kwa mwenyewe. Sukari iko wazi mezani, choo kiko wazi, mfereji uko wazi. Kinachofungwa ni sanduku tu, na ndani yake Luul ameweka vikoi vyote vya mume wake isipokuwa kimoja. Hicho kimoja alikishona mwenyewe. Abdighani siku hizi hukaa kwenye vibanda vya chai akiwaeleza watu hatari za betri iliyofungwa, kana kwamba ni yeye aliyetoka Rapsu, na watu humsikiliza kwa adabu. Akiinuka kwenda nyumbani, wanaona nyuma yake kiraka cha pamba, chekundu na manjano, kilichofumwa kwa mkono.