Aliyeacha Ugali wa Msiba

Mtaani kwetu Pasiansi, mpaka leo ukikataa ugali wa msibani utaulizwa una nini. Hata mwenye tumbo la kuendesha hujikaza, akamega tonge moja na kulimeza watu wakimwona. Wageni hudhani sisi ni walafi tu. Waacheni wadhani. Sababu yetu ni Akeyo.

Akeyo ni Mjaluo wa Mara, mjane mrefu mwenye ulimi mkali. Hukaanga mapanki, yaani yale mabaki ya sangara, kichwa na mgongo na mkia, yanayotoka viwandani baada ya minofu yote kukatwa ipelekwe Ulaya. Na kila penye msiba yeye ndiye mkuu wa jiko. Hupakua mwenyewe, na sahani zikirudi huzikagua mwenyewe, maana hapendi chakula chake kibaki. "Nani huyu ameacha?" huuliza kwa sauti, na mtu mzima na ndevu zake huinamisha kichwa.

Mumewe, Ojuok, alizama ziwani alipokwenda kuvua na mdogo wake, Otuoma. Ni Otuoma aliyerudi na maiti kwenye mtumbwi. Msiba mzima hakutia kitu mdomoni. Akeyo, pamoja na majonzi yake, alimbembeleza hata kwa uji, akakataa. Tangu siku hizo Akeyo alimpenda shemeji yake kwa moyo wote, akamwona ndiye mtu pekee aliyeumia sawa na yeye. Naye Otuoma aliiezeka upya nyumba ya mjane, akamlea Awuor, binti wa pekee wa marehemu, kama wa kwake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara, kila mwenye mtaji anafungua chake, na viwanda vya samaki vimejipanga ufukweni. Mapanki yaligombewa. Wanawake walitoka kabla hakujapambazuka kuwahi langoni mwa kiwanda. Ndipo Kija, mmoja wao, akakutwa njiani katikati ya mawe, amenyongwa kwa kanga yake mwenyewe. Baadaye Dorcas, vilevile.

Tukaanza kushukiana. Aliyejenga nyumba ya tofali tulisema ametumwa damu na mganga ili atajirike. Aliyenunua baiskeli mpya tulimuuliza kaipata wapi. Getruda, jirani yangu wa miaka yote, aliacha kuniomba moto. Wanawake walilala wakiwasikiliza waume zao wanavyopumua. Lakini vidole vingi vilielekea kwa Shimba, mponda kokoto aliyeishi peke yake juu kwenye mawe, ambaye salamu yake ilikuwa kuguna. Mtu asiyesema, watu humsemea.

Otuoma akajitolea kuwasindikiza wanawake alfajiri, mkuki begani. Akishalifikisha kundi langoni, hurudi kuwafuata waliochelewa. Tulimwombea baraka kanisani.

Hellen alichelewa. Tulimkuta mchana, mahali palepale pa Dorcas.

Siku ya kumzika Hellen, vijana walimkamata Shimba, wakamfunga kamba na kumfungia kwenye ofisi ya mtaa, wakisubiri wazee waamue afanywe nini. Otuoma alikuwa ametoka kuchimba kaburi, jasho linamtiririka. Akeyo alimpakulia ugali mkubwa na nyama. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

"Tumbo, shemeji," alisema Otuoma. "Jioni nitakuwa mzima. Mwambie Awuor kesho aje na mimi kuchukua mapanki, wewe upumzike. Umechoka."

Akeyo aliinama kuosha vyombo, mkono ukasimama ndani ya maji. Msibani kwa akina Dorcas pia Otuoma alimpa mbwa sahani yake. Kwa akina Kija aliaga kabla ugali haujaiva. Lakini kwa Mzee Ndalahwa, aliyekufa kwa uzee wake katikati ya misiba hiyo, alikula sahani mbili na kudai ukoko.

Akeyo alipoolewa, mama mkwe wake alimfundisha: aliyemuua mtu haonji chakula cha msiba wa mtu huyo. Akikionja, chira, laana ya kwao, itampata, atavimba na kufa, yeye na nyumba yake. Kaburi anaweza kuchimba. Chakula hawezi.

Aliogopa. Aliogopa kumdhulumu mtu aliyemwezekea nyumba, na aliogopa zaidi kesho alfajiri. Angeweza kumzuia Awuor kesho, na keshokutwa je? Akafuta mikono, akamwendea Luhende, kamanda wa sungusungu, walinzi wa mtaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini, mama?"

Akamweleza. Luhende alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu kuacha kula kuna sababu nyingi, mama. Nikimfunga kwa sahani, kesho nitakufunga wewe kwa kitu gani?"

"Usimfunge. Njoo tu ukae, uone anavyokula."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika kwa Otuoma. Alikuwa mlangoni akishona nyavu. Luhende akajifanya anaulizia bei ya nyavu. Akeyo akafunua bakuli la ugali na nyama.

"Ulishinda na njaa, shemeji. Tumbo limepoa?"

"Limepoa. Wewe ndiye mama yangu sasa."

Akala. Alikula vizuri, akimsifia mpishi, akamkaribisha na Luhende, akamega naye. Akeyo alimngoja alambe vidole.

"Akina Hellen wanakushukuru kwa kaburi," akasema. "Wamesema nikuletee fungu lako. Hicho ni chakula chao, si cha jikoni kwangu."

Otuoma alimtazama. Kisha akainuka, akaingiza vidole kooni, akatapika mbele ya mgeni bila haya. Akaingiza tena.

"Unataka kuniua, Akeyo?"

"Chakula hicho tumekula mtaa mzima," Luhende akasema taratibu. "Mbona mimi nimekimega hapa na sijafa? Kitakuuaje wewe peke yako?"

Mwanamume yule aliyebeba mkuki alfajiri zote zile alikaa chini kwenye matapishi yake, akaanza kulia. Hakuomba asipelekwe polisi. Aliomba kwanza apelekwe kwa mzee wa dawa, asafishwe kabla mwili haujavimba. Na kwa desturi ya kwao, anayesafishwa lazima awataje wafu wake mbele ya watu, maana utakayemficha ndiye atakayekurudia. Akawataja palepale, Luhende akiwa amesimama mlangoni. Kija. Dorcas. Hellen. Hakusema kwa nini, na Luhende alipomuuliza alitikisa kichwa tu.

Luhende akapuliza filimbi. Vijana wakaja, kamba ileile ya Shimba ikahamia kwa mwenyewe, na polisi wakaitwa. Shimba alipita kati yetu akielekea kwenye mawe yake, akaguna. Safari hii tuliitikia wote.

Akeyo alikuwa bado ameketi pale mlangoni, bakuli mapajani. Watu walidhani anamlilia shemeji. Otuoma alipopitishwa mbele yake, aliinua uso.

"Otuoma. Kwenye msiba wa Ojuok nilikubembeleza kwa uji, ukakataa."

Otuoma alisimama. Vijana walimvuta, akagoma kwenda.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Huyo nilitaka kumtaja wa kwanza."