Lori la maharage lamchapia Koleta picha ya makumbusho

LUSAHUNGA, Agosti 1995

Saa mbili asubuhi, njia panda ya Lusahunga. Koleta Niragira amepiga magoti kando ya barabara ya Rusumo, anatandika blanketi juu ya bati kama anayefunika mtoto. Mbele yake linanguruma lori lililosheheni maharage ya wakimbizi wa Ngara.

"Polepole, Habibu! Na usikanyage breki!"

"Shikamoo, mama! Leo utajua kama mimi ni dereva au mchapaji," anajibu Habibu dirishani.

Ndugu msomaji, usicheke. Hiyo ndiyo mashine ya uchapaji ya Lusahunga, na leo inachapa picha ya kwenda makumbusho, Dar es Salaam!

Koleta (35) hupaka bati nta ya nyuki, huchora mapambo kwa sindano, kisha huliloweka katika maji ya chumvi na mrututu, ule ule wa kupulizia kahawa. Dawa hula bati pale sindano ilipopita. Huondoa nta, mikwaruzo huijaza masizi yenye mafuta, hufuta juu, hulaza karatasi yenye unyevu, hufunika blanketi, halafu husubiri lori lipite juu yake liigandamize. Madereva hununua picha zake kwa shilingi mia tatu, wakazibandika ndani ya magari.

Picha moja ilifika Dar kwa njia hiyo. Ofisa wa makumbusho akaipenda, akamtumia Koleta karatasi mbili nzito achapie nyingine. Ya kwanza imeharibika juzi.

"Niliita lori tupu. Uzito hakuna, yakatoka madoa matupu. Nililia, sikufichi. Imebaki hii moja tu."

Lori linapita. Soko zima linatazama. Hata Shilinde, muuza chai, ameacha birika lifurike. Koleta anainua karatasi kwa ncha za vidole.

Lo! Pembetatu nyeusi zimepandana, safi, hazina doa. Vigelegele! Mwandishi wa habari hizi naye anajikuta anaruka.

Mapambo hayo yalikuwa kwenye kikapu cha mama yake, Ildefonsa, aliyefia njiani walipokimbia Burundi mwaka 1972.

"Kikapu kilibaki njiani, na yeye akabaki. Kaburi lake silijui," anasema Koleta. Amewaomba makumbusho waandike jina la mama chini ya picha, si lake. Wamekubali.

Sasa anajiwekea nauli ya basi.

"Wakishaitundika nitakwenda. Nitasimama mbele yake nimsalimie kwa Kirundi, hata walinzi wakinicheka. Nimwambie, mama, umefika."