Mazungumzo Juu ya Robota la Tumbaku

Nilipofanywa msimamizi wa banda la kuchambua tumbaku, nje kidogo ya Arua, nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani. Mimi! Jana yake tu nilikuwa benchi moja na wanawake wenzangu, napanga majani kwa rangi, ya manjano huku, ya kahawia kule, nakaripiwa kwa kuongea. Furaha hiyo haikukaa. Wachambuaji walianza kuhamia banda la Koboko, leo huyu, kesho yule, na bosi mkubwa akaniambia waziwazi: wakizidi kuondoka, narudi benchi. Loo! Nirudi benchi, na mama yangu alishatangazia kanisa zima kule Inde!

Nikaamua kumwita kila mmoja ofisini, peke yake, aniambie kinachomsumbua. Wazo zuri, au siyo? Kumbe kwa yule aliyenitangulia mtu aliitwa ofisini kwa jambo moja tu, kufukuzwa. Wa kwanza kumwita alikuwa mama mtu mzima wa Aroi. Asubuhi akaja na aproni yake ya kazi, imefuliwa, imekunjwa vizuri tayari kurudishwa, na nyuma yake shemeji yake amevaa koti. Kwetu mtu hasimami kwenye kesi bila wa nyumbani kwake.

"Kesi iko wapi?" shemeji akauliza, akakalia kiti changu.

"Hakuna kesi, shemeji. Nataka tuzungumze tu."

"Kuzungumza tu! Na mutu ya ofisi?" Akanitazama kwa huruma. "Bosi, wewe sema makosa yake. Sisi iko tayari kuomba msamaha."

Sikuwa na kosa la kutaja, basi akayataja yeye. Akaomba msamaha wa kuchelewa, wa ugomvi wa kisimani, wa mbuzi aliyekula muhogo wa jirani, na mama wa watu anaitikia tu kwa kichwa. Saa ya chakula banda zima lilikuwa linampongeza kwa kusamehewa. Nilijifungia ofisini nikacheka mpaka mbavu zikauma, na hasira nilikuwa nazo pia, maana kinachowahamisha watu bado sikukijua.

Ndipo nikakumbuka kamba. Robota la tumbaku hufungwa na watu wawili, mmoja amelikalia, mwingine anavuta. Hakuna aliyewahi kufukuzwa akiwa ameshika kamba! Jioni hiyo nikamwomba mama mmoja wa Kongo tufunge pamoja. Alikuja kwetu kufanya biashara, akaolewa, akabaki, na wenzake walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi. Akienda Koboko yeye, benchi lake lote lingemfuata.

Nikapanda juu ya robota nikaanza. Nikamuuliza habari za kazi, nikajibu mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu Koboko, nikajibu mwenyewe. Nikaingia kwenye sukari ilivyoadimika. Akavuta kamba kwa nguvu, nusura nianguke.

"Mama Bosi, unauliza, unajijibu. Mimi niko hapa kwa kazi gani?"

Nikaubana mdomo. Haki ya Mungu, kazi ile ilinishinda kuliko kamba! Akavuta taratibu, akavuta tena, halafu akasema.

"Ni kengele. Inalia, tunakaa, hakuna kusema. Mutu anatoka mbali kwa miguu, anakaa karibu na mutu, hata salamu hakuna. Juzi mwenzangu alikuja ametoka kuzika mama yake. Siku muzima nilikaa pembeni yake, nachambua tu. Nikajua jioni, njiani. Koboko wanasalimiana kwanza."

Moyo uliniuma. Salamu ya kwetu si kutupa neno na kupita. Ni mkono kwa kila mtu, nyumba iko namna gani, watoto, mgonjwa wenu, mpaka mbuzi. Aliyenitangulia aliikata kwa kengele, na kengele mimi niliirithi pamoja na kiti.

Kesho yake nikatangaza: kengele itasubiri salamu. Mama yangu wee! Mikono, vicheko, vigelegele! Mmoja alipotewa na hesabu ya aliowasalimu, akaanza upya, na wote wakakubali. Nami nilisalimiwa, mara ya kwanza tangu nipewe ofisi, nikacheka mpaka machozi. Tumbaku imelala mezani, hakuna aliyeigusa, na hapo lori la bosi mkubwa likasimama mlangoni.

Nikasema basi, benchi langu hilo.

Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, yule mama wa Kongo alishamfikia, mkono mbele.

"Jambo, Bosi. Nyumba iko namna gani? Watoto?"

"Wazima," akajibu haraka.

Mama hakuuachia mkono. "Na mama yao?"

Bosi akatazama chini. "Iko hospitali," akasema. "Tangu Jumapili."

Mama akamwongoza mpaka kwenye robota, akamkalisha juu yake, akashika kamba. Walizungumza nini sijui. Mimi, kwa mdomo na masikio yangu haya, sikusogea.

Walipomaliza bosi alinijia, suruali imejaa vumbi la tumbaku. Nilisimama kusubiri hukumu.

"Kengele yako inalia saa ngapi?"

"Baada ya salamu, bosi."

Akakung'uta suruali. "Basi kesho nitawahi."