Maana ya Jina la Bwana Vikasi

Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya bizari bado siivumilii. Juzi ilinikuta jikoni kwa binti yangu. Umeme ulikuwa umekatika, naye alikuwa anajaza taa karibu na sufuria ya mchuzi. Nikatoka nje. Aliniuliza kama naumwa. Yeye sikumweleza, lakini ninyi nitawaeleza.

Ilikuwa harufu ya duka la Bwana Vikasi, kando ya barabara itokayo Mkuyuni kwenda Matombo, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Alikuwa Mhindi mwembamba, mjane asiye na mtoto, aliyezaliwa palepale nyuma ya duka na aliyejua Kiluguru kuliko baadhi yetu. Sisi watoto alitumegea sukari guru. Watu wazima walikuwa wameanza kumwita mnyonyaji, neno walilolipata redioni, ingawa walilitamka kwa kusitasita, chumvi yake ikiwa bado mikononi mwao.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Neno lake lilikuwa maendeleo. Alilisema shambani, alilisema akila, hata akinyoa ndevu. Mama alikuwa akitania kwamba siku ya kufa atalitamka hilo badala ya kuungama.

Siku moja, nikiwa darasa la tatu, mama alinituma chumvi na mvua ikanizuia dukani. Bwana Vikasi alikuwa ameketi juu ya gunia, nami kando yake, tukitazama maji mekundu yakiteremka kutoka mlimani. Kwa kukosa la kusema, nilimuuliza jina lake lina maana gani, kwani la kwangu, Tabu, maana yake kila mtu aliijua.

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimekosa adabu. Kisha akaniambia kwamba ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya sala zao, ambayo hata yeye hakuweza kuizungumza. Bibi yake ndiye aliyemfundisha vipande vipande. Siku hizi huko Uhindini, alisema, wakubwa wakitaja vikasi wanakusudia maendeleo, yaleyale ya baba yako. Lakini zamani lilikuwa neno la maua.

“Hiyo vi ya mwanzo ni kuachana,” akasema, akikunja vidole vyake vikavu kisha akivikunjua kimoja kimoja. “Petali inaachana na mwenzake, ua linachanua. Hilo ndilo jina langu.”

Mvua ilipokatika nilikimbia nyumbani na habari ile. Baba aliacha kula, akanitaka nirudie mara mbili, pamoja na ile ishara ya vidole. Sikuwahi kutazamwa na baba namna ile, na nilitamani siku isiishe.

Jumapili, baada ya misa, watu walikutana uwanja wa shule. Baba alisimama mbele, akainua ngumi yake.

“Ndugu zangu, maendeleo ni ua,” alisema, akiikunjua polepole. “Na ua halichanui mpaka petali ziachane. Wakati umefika tuachane na duka la mtu mmoja.”

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Bwana Vikasi alikuwa amesimama nyuma, karibu na goli, kofia mkononi. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

Duka likawa la kijiji, na yeye akaondoka na mfuko mmoja, juu ya lori la ndizi. Haikupita miezi mingi rafu zikabaki na viberiti vilivyolowa tu. Mama alipika bila chumvi na hakutania tena. Ndipo baba aliponichukua kwenda mjini, mtaa wa Mwembesongo, ambako Bwana Vikasi alikuwa anaishi katika chumba cha uani kwa mpwa wake. Tulimpelekea mkungu wa ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatumiminia chai. Baba alimwomba arudi, atuonyeshe namna ya kuagiza bidhaa.

Alimsikiliza mpaka mwisho. “Mwenyekiti,” akasema, “duka mlilichukua, sawa, lilikuwa duka. Lile jina nilimpa mtoto.”

Baba aliinamia kikombe. Tulirudi kijijini. Masika yaliyofuata dereva wa lile lori la ndizi alituletea habari kwamba Bwana Vikasi amefariki. Mbuzi walihamia dukani. Baba aliendelea kusema maendeleo kwa muda, kwa sauti ya chini, kisha akaacha, na hakupata neno jingine.

Miaka mingi nilijihesabia kosa la kupeleka maneno tu, kama mtoto yeyote asiyejua kutunza siri. Ukubwani, mwalimu mmoja aliyesomea lugha za Uhindini alinifahamisha kwamba mzizi wa neno lile una maana nyingine pia: kupasuka. Lakini si hilo linaloninyima raha. Nilichochelewa kukielewa ni ule ukimya wake kabla ya kunijibu. Mtu alizaliwa kwetu, akazeekea kwetu, akamuuzia chumvi kila mmoja wetu, na hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake lina maana gani. Alidhani amepata mtu anayetaka kumjua. Alipofariki, ndugu zake waliuchoma mwili wake, kama ilivyo desturi ya Wahindu. Hata kaburi la kwenda kuomba radhi halipo.