Vidole Vilivyopandana Juu ya Kisima

Mama mwenye shamba la Kakuyuni tulikokuwa tukichimba kisima alikuwa amerudi kutoka Uingereza, alikoishi miaka mingi akiwauguza wazee. Kila tulipopandisha ndoo ya udongo mkavu, alipandanisha vidole, cha kati juu ya cha shahada, akasema, "Fingers crossed."

Mimi shule niliiacha mapema na kazi nabadilisha kama shati, lakini neno nisilolijua hunikosesha usingizi. Nikamuuliza maana yake.

"Wazungu husema hivyo wakitamani jambo liwe, na hawana la kufanya. Unapandanisha vidole, unatumaini."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Mjomba wangu, fundi wa visima, alicheka kutoka chini shimoni. "Kwetu tungekufa kiu, dada, tumekaa tumekunja vidole!"

Sisi wachimbaji tuna desturi moja. Kabla mtu hajashuka, kibatari kilichowashwa humtangulia kwa kamba. Kikizimika, hewa ya chini ni mbovu, hashuki mtu. Asubuhi ile kibatari kilifika chini kinawaka, na kabla ya adhuhuri maji yakachipuka. Tulishangilia. Yalipomzidi mjomba, alipanda, tukateremsha pampu ya petroli mle ndani, tukayatoa. Pampu ilipotoka nikashika kiberiti niwashe kibatari tena.

"Acha, mpwa wangu," mjomba akasema, huku akijifunga kamba kiunoni. "Si kilishuka asubuhi? Hewa ni ileile."

Hakuna kati yetu aliyeufikiria moshi wa pampu.

Alishuka akiimba. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nikaitikisa kamba, kwa kawaida naye hutikisa kujibu. Hakutikisa. Nikaita, sauti yangu ikanirudia mwenyewe.

Nilikwisha kusikia habari za ndugu waliofuatana shimoni wakazikwa siku moja. Hata hivyo mguu wangu ulikuwa ukingoni tayari. Mama akanidaka shati. "Usishuke! Si ana kamba?" Nikageuka, nikaona vidole vya mkono wake wa pili vimepandana, amevikaza mpaka vimepauka.

"Vifungue! Shika kamba!" nikamfokea, mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi ileile.

Tukavuta. Roda iliyobeba kamba ikalia. Kila mjomba alipogonga ukuta, nilisikia udongo ukidondoka majini, na nikazidi kuogopa uso nitakaouona ukitokea. Kichwa kikatokea, kimeinama. Tukamlaza ubavu. Mama akamtegea sikio puani, muda mrefu mno.

"Anapumua, lakini kidogo. Kimbia, tafuta gari!"

Nilikimbia hadi barabarani nikimwita Mungu kwa kila jina nililolijua. Gari dogo la mizigo likaja, nikainua mkono kulisimamisha, na ndipo nikaona vidole vyangu vimepandana. Sikumbuki nilivipandanisha wapi. Nikavifungua, nikapunga mikono yote miwili, nikasimama katikati ya njia mpaka likafunga breki.

Mjomba yu hai, ingawa kifua humbana akipanda mlima. Sasa tunachimba Kibarani. Kibatari hutangulia kila mara, hata mtu akiwa ametoka kidogo tu kunywa maji. Kikiwa njiani kushuka, mjomba hufanya mzaha na wenye kiwanja. Mimi sicheki. Nautazama ule mwanga ukizidi kuwa mdogo, na kamba nimeishika kwa mikono yote miwili.