Koki na Herufi za Mbao

Ndete Muthama hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani goti lake lilikuwa likicheza mpaka benchi zima linatikisika, na mkewe, Mwikali, humfinya paja kimyakimya huku macho yake yako kwa mhubiri. Lakini Novemba ile ya mwaka wa tisini na tano alizidi. Chai aliinywa amesimama. Asubuhi alitoka nyumbani mtaani Jericho kwa miguu, akafika kazini Industrial Area kabla bawabu hajafungua lango, na jioni alirudi kama mtu anayefukuzwa.

Sababu ilikuwa moja, ina umri wa miaka saba na mapengo mawili mdomoni.

Koki, mtoto wao wa pekee, alipelekwa kwa susu, yaani bibi yake, kijijini Mwala alipokuwa na miaka mitatu, wakati Mwikali alipougua. Ilikuwa iwe miezi miwili. Ikawa miaka mitatu. Waliporudi naye alijificha nyuma ya mlango, akalia kwamba anataka susu, na Ndete alipomkaribia alipiga mayowe kana kwamba amevamiwa na mwizi. Ilichukua miezi mingi mpaka mtoto akaanza kumwita baba bila kusukumwa. Tena siku ya kwanza alipomwita hivyo alikuwa anamwomba andazi, lakini Ndete hakujali. Alimpa mawili.

Januari walimpeleka intaviu ya darasa la kwanza. Mwalimu alimwonyesha kadi. Koki akaitazama kadi, akamtazama mwalimu, akatabasamu vizuri sana. Hakuwahi kukanyaga nasari, angejulia wapi? Wakaambiwa warudi naye mwisho wa Novemba, kwenye intaviu ya mwaka ujao, lakini hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho, kwa maana baada yake atakuwa amepita umri. Susu aliposikia akatuma neno na mtu: mtoto akikataliwa tena, arudishwe Mwala, huko shule haiulizi maswali. Bibi wa watu hakusema kwa ubaya. Lakini Ndete alishika neno moja tu: arudishwe.

"Nitamfundisha mimi," alisema.

"Wewe?" Mwikali aliuliza. "Wewe ambaye hukai?"

"Mimi. Kazi yangu si ni herufi?"

Hapo alisema kweli. Miaka ishirini na miwili Ndete alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapisha mabango: mikutano ya injili, mechi za mpira, dansi za Jumamosi. Alichukua herufi za mbao, kubwa kama kiganja, akazipanga neno kwa neno kwenye fremu, zikapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake, na bango likatoka. Mwaka ule mwenye kiwanda alikuwa amenunua kompyuta, na herufi zilizokwisha makali zilikuwa zikitupwa. Ndete aliomba seti moja, A mpaka Z. Akazibeba nyumbani kwenye kiondo, zimefunikwa na sukuma wiki.

Kila jioni, baada ya Koki kuoga, meza iliondolewa vyombo. Ndete alimpakata mtoto na kuzipanga herufi mbele yao, vilevile alivyozoea kuzipanga kazini. Lazima niseme ukweli: mtu huyu ambaye hakuweza kukaa akamaliza kikombe cha chai, alikaa. Saa nzima. Koki alizipapasa zile mbao, akazinusa, akazipa majina ya wajomba zake. Kufikia katikati ya mwezi, baba akisema "Panga CHAI," vidole vinachagua, vinapanga, na neno linakamilika mezani bila kosa.

"Mbona hasomi pakiti ya unga?" Mwikali aliuliza siku moja. "Nimemwonyesha, ameikodolea macho tu."

"Hajafika huko. Haraka ya nini, Mama Koki?"

Haraka ya nini! Alisema hivyo mtu aliyekuwa akihesabu siku kwa mkaa ukutani.

Jumamosi, siku tatu kabla ya intaviu, Ndete aliona wakati umefika wa penseli. Alitandaza bango la zamani, upande mweupe juu, akamwambia mtoto aandike jina lake. Koki aliuma ulimi, akaandika KOKI. Imenyooka kama imechapishwa. Ndete akamwambia HODI. Akaandika. DEBE. Akaandika. Jamaa aliruka, akafungua mlango, akamwita jirani yao Nekesa aliyekuwa akianika nguo.

"Mama Lusweti! Njoo uone! Kuja uone mtoto!"

Nekesa akaja na povu mikononi. Koki, alipoona amepata watazamaji, akaamua kuandika neno la kwake mwenyewe, la zawadi. Aliandika MAMA, akampelekea mama yake.

Mwikali aliishika ile karatasi. Akaigeuza. Akairudisha.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Si ni MAMA!" Ndete alidakia. "Soma! Haiko wazi?"

Nekesa alichungulia, akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu. "Baba Koki, woi. Huyu mama mbona amesimama kwa kichwa?"

Ndete alitazama. Aliona MAMA. Alitazama tena, akaona MAMA. Ilimbidi achukue pakiti ya unga na kuiweka kando ya ile karatasi, alinganishe herufi moja moja kama mgeni, ndipo akaona. Kila M ilikuwa imeinua miguu juu. Kila A ilikuwa imesimama kwa ncha.

Herufi ya mpiga chapa huchongwa kinyume, ili ikigusa karatasi itoke sawa. Tena mpangaji huipanga kichwa kikimwelekea yeye, kwa hiyo machoni pake neno hufuatana vizuri lakini kila herufi imepinduka juu chini. Mwanafunzi wa kazi huumwa na kichwa wiki ya kwanza, kisha macho yanazoea. Ya Ndete yalikuwa yamezoea kiasi kwamba yalikuwa hayamwambii tena neno limekaa vipi. Yalimwambia neno tu. Na herufi za KOKI, za HODI na za DEBE, kwa bahati mbaya, hata ukizipindua juu chini hubaki zilivyo. Ndizo zilizomdanganya.

Mwezi mzima alikuwa amemfundisha mwanawe kusoma dunia ikiwa imepinduliwa, na mtoto alimwamini.

Jumapili hawakwenda kanisani. Ndete alimketisha Koki mbele ya gazeti na kumwambia asahau yote, na mtoto hakuweza kusahau kwa amri. "Geuza!" baba alisema. "Geuza! Nimesema miguu chini!" Mara ya kumi sauti yake ilipasua chumba.

Koki aliweka penseli chini. "Lakini wewe ndio ulinionyesha hivyo."

Ndete aliinuka. Alitoka nje, akazunguka soko la Jericho mara mbili bila kununua wala kumsalimia mtu, na aliona haya, haya ya kweli, kama mtu aliyemwibia mtoto. Aliporudi alikuwa na kopo la rangi nyeusi ya viatu. Alipaka ile M ya mbao, akaigandamiza kwenye karatasi, akainyanyua.

"Ona. Ile ya mbao ni ya kazi ya baba. Hii iliyoachwa kwenye karatasi ndiyo ya kusoma."

Koki alitazama mbao, akatazama karatasi. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Imeamka!"

Waliziamsha zote, A mpaka Z, mpaka kopo likaisha na gauni la kanisani likawa la kutupa. Mwikali hakugomba. Jumatatu yeye ndiye aliyekaa na mtoto, maana Ndete alikuwa kazini, na jioni alitoa taarifa bila kumpaka mafuta: nyingine zinasimama, nyingine zinaanguka, hasa akichoka.

Jumanne shuleni wazazi waliachwa nje. Ndete alijipenyeza mpaka dirishani, Mwikali nyuma yake. Waliona Koki akionyeshwa kadi na Mwalimu Nangila, mama mfupi mwenye sweta la kijani. Midomo ya Koki ilicheza, hawakusikia alichosema. Kisha mwalimu akampa chaki na kumwelekeza ubaoni, aandike jina lake lote.

Koki aliandika KOKI. Hilo halikumwambia Ndete lolote. Kisha akaanza jina la pili, ambalo hawakuwahi hata mara moja kuliandika nyumbani.

Ndete alibandika paji la uso kwenye kioo. Alisoma NDETE. Lakini lingekuwa limesimama, limelala au limening'inia, yeye angelisoma vilevile, na kadiri alivyokazia macho ndivyo yalivyokataa kumsaidia. Akageuka.

"Mama Koki, siwezi kuona. Niambie. Iko sawa?"

Mwikali aliachia shule darasa la nne, na kila barua iliyoingia nyumba ile alisomewa na mumewe. Alisogea mbele, akakinga jua kwa mkono, akaanza kufuata kwa kidole juu ya kioo.

"N iko sawa," alisema. "D. E." Kidole kikasimama.

"Eh?"

"T imesimama kwa kichwa, Baba Koki."

Ndete alifumba macho. Aliona njia ya Mwala, vumbi lake, mlango wa susu. Alipoyafumbua, Koki alikuwa amerudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa upande. Mwalimu alisimama tu akimtazama. Mtoto akaifuta ile T kwa kiganja, akaandika nyingine, akamalizia.

"Ameirekebisha!" Mwikali alimshika mumewe bega kwa kucha. "Hajaambiwa na mtu! Ameirekebisha mwenyewe, imesimama!"

Ndani, Mwalimu Nangila aliweka alama ya vema kwenye karatasi yake, akamshika Koki kichwani, akaita mtoto mwingine.

Ndete aliutazama ubao. T iliyofutwa na T iliyoandikwa upya, kwake yeye zote zilikuwa T tu. Alilia pale dirishani mbele ya wazazi wa watu, kwa jambo ambalo hakuliona, aliloambiwa na mkewe.