Boma Moja, Vyoo Viwili

Niliacha shule darasa la tatu. Nikachuma chai Kericho, nikawapikia wajenzi wa barabara, nikaacha kazi na kufukuzwa mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia nilirudi Kisii mikono mitupu. Bwana afya mmoja akanichukua kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa miguu na sikuchoka kuuliza. Alinipa fimbo ndefu yenye alama. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka milima ya Marani, boma kwa boma, nikiitumbukiza katika kila shimo la choo kuona kama kina kimetosha. Amri ya chifu ilisema choo kimoja kwa kila boma.

Kina kilitosha. Watu wetu wanajua kulima, na kuchimba hakukuwashinda. Kilichonishangaza ni kwamba fimbo ilitoka safi. Mlangoni buibui walikuwa wamefuma, njiani nyasi zimeota, na huko chini kwenye migomba nilikanyaga nisichotaka kukanyaga.

Boma moja lilinishika nisiweze kuondoka. Alikuwapo mzee, mkewe, na mke wa mwana wao. Mwana mwenyewe alikuwa kibaruani, mbali. Mke huyo kijana alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza wakati wa mvua za masika zilizopita, kwa ugonjwa wa kuhara damu. Wa pili, msichana, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Maji yote ya mlima ule yaliteremkia chemchemi walikoteka maji, na masika yalikuwa karibu.

Nilianza hotuba yangu ya inzi na uchafu. Mama yule kijana alikuwa akisaga wimbi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo tuliambiwa kanisani," akasema. "Nayajua. Na huyu sitamzika."

Nikamuuliza, basi kwa nini hatumii choo? Akainamisha kichwa, akasaga kwa kasi. Mama mkwe wake ndiye aliyecheka.

"Wewe umezaliwa wapi?"

Nikamwambia ng'ambo ya mlima, tena kwa Ekegusii.

"Na baba wa baba yako ulimwona?"

Sikumwona. Alikufa kabla mama yangu hajaolewa.

"Ndiyo maana. Hukuona mama yako akimkwepa mkwe."

Akanifumbua macho. Ile heshima tunayoiita chinsoni haimruhusu mke wa mwana kukaribia mahali baba mkwe anapovua nguo, wala baba mkwe kukaribia mahali pa mkwewe. Wakutane kwenye njia ya choo? Heri ardhi iwameze. Basi mke wa mwana alimwachia mzee choo kwa heshima, na mzee, kwa heshima hiyo hiyo, akamwachia mkwewe. Wote wawili wakaenda migombani, na mama mkwe naye akawafuata. Amri ilitaka choo kimoja, nao walikichimba. Haikuwauliza zaidi ya hapo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana afya kuomba ruhusa ya choo cha pili. Hakuwa mtu wa kwetu, na hakutaka kusikia. Alisema amri ni choo kimoja, nirudi nikapime. Nilirudi, lakini nilibeba sururu.

Mahali palipokuwa mbali na chemchemi, tena pasipoonekana kutoka mlango wa mzee, palikuwa mahali pamoja tu: nyuma ya nyumba ya mkwe, katikati ya migomba mizuri kuliko yote ya mzee. Mkewe alimpelekea maneno. Siku nzima mzee aliizunguka migomba yake. Asubuhi yake alikuja na panga, akakata migomba minne bila kunitazama.

"Migomba huota tena," akasema, akavua koti tuchimbe.

Kila siku tulichimba asubuhi. Jua likishapanda mzee alikohoa kwa nguvu, akaenda zake, ndipo mkwe akatokea na kikapu kubeba udongo mpaka jioni, mtoto mgongoni. Choo kile walikijenga pamoja bila kukutana shimoni hata mara moja. Majirani walikuja kunitazama. Mmoja akaniuliza kama hicho ndicho nilichosomea. Nikamjibu kwamba hata kusoma kwenyewe sikumaliza. Wakacheka, lakini wanawake wawili walibaki nyuma kuulizia umbali kutoka mlango wa mzee.

Bwana afya alipokuja akakuta mashimo mawili, alikasirika kweli. Nani aliniruhusu? Nilitumbukiza fimbo katika choo cha mzee, nikaitoa, nikamwonyesha. Nikafanya hivyo katika cha mkwe. Sijawahi kufurahia mavi kama siku ile. Bwana afya alisogea nyuma, akaziba pua.

"Maboma mangapi yana wakwe?" akauliza.

"Karibu yote, bwana."

"Basi unangoja nini hapa?"

Mvua za masika zilinikuta mlima wa tatu, viganja vimechubuka. Maji mekundu yaliteremka wiki baada ya wiki, na kila nilipopata nafasi nilipitia boma lile. Mama yule hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alimwinua msichana wake nimwone, akamgeuza, nimwone na mgongo, kisha akamshusha chini. Mvua zilipokatika, mtoto alikuwa akikimbia uani, akifukuza kuku.